Wenu Mwawasalimu Vipi?

 Mkatoliki mwenzangu, nawe jirani Mwislamu uliyewasha redio huku ukikuna nazi ya mboga ya jioni, sikilizeni. Leo nazungumza nanyi nyote pamoja, kwa sababu jambo nitakalolisema lilianza na swali la jirani yangu Mwislamu, na mimi Mkatoliki, niliyefundishwa katekisimu tangu utotoni, sikuwa na jibu.

Naishi Jego, kwenye barabara inayotoka Lunga Lunga kuteremka Vanga. Anayepajua atakumbuka minazi, mashamba ya mpunga, mikoko inayoanza pale ardhi inapolainika, na Mto Umba unaotoka Tanzania, ambao mvua zikizidi hufurika. Huku kwetu Wadigo ndio wenyeji na wengi wao ni Waislamu. Sisi Wakatoliki ni wachache, na karibu kila mmoja wetu ukimuuliza kwao ni wapi atakutajia mahali pengine.

Baba yangu alizaliwa Machakos. Alikuja pwani akiwa kijana kufanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi. Akaoa, akazaa, akajua Kidigo, na kiwanda kilipokufa mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye hakurudi kwao. Alirudi siku moja tu, akiwa ndani ya jeneza. Mwili ulitoka mochari jioni, gari likavuka Likoni usiku, na kesho yake mchana tukamzika kando ya nyumba ya babu, katika udongo mwekundu ambao alikuwa hajaukanyaga kwa miaka mingi.

Niliporudi Jego, jirani yangu alikuja kunipa pole. Alikuwa mama wa Kidigo, mtu mzima, ambaye watoto wangu walimwita bibi. Tulikaa mkekani, akanyamaza kwa muda mrefu, kama wanavyojua kunyamaza watu waliozika wengi. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wenu nyinyi mwawapeleka mbali. Sasa mwawasalimu vipi?"

Wake walikuwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka nyumbani. Mumewe, wanawe wawili, mama mkwe. Akienda shambani huwapitia, akawatolea salamu kama desturi ya Waislamu, akawaombea dua, akaendelea na safari yake.

Nikamjibu, "Sisi twawaombea, mama."

Akaniuliza bila ubaya wowote, "Mwawaombea wapi?"

Msikilizaji, swali hilo liliniingia. Maana tangu jeneza lilipofunikwa udongo, siku tisa zilikuwa zimepita, na mimi sikuwa nimelitaja jina la baba yangu mbele ya Mungu hata mara moja. Nilikuwa nimehesabu michango. Nilikuwa nimewashukuru watu waliokuja. Nilikuwa nimelipa deni la hema. Lakini kumwombea, nilikuwa bado. Nikajiona nimemsindikiza mzee hadi mlangoni, nikageuka na kumwacha amesimama hapo.

Jioni hii, Novemba ikikaribia, nataka kujaribu kulijibu swali lile. Wewe ambaye wako wamezikwa mbali, wewe unayefanya kazi hotelini Diani na kaburi la mama yako liko Siaya au Kitui au Taita, wewe muuguzi, askari wa mpakani, kibarua wa miwa: unawasalimu wapi wafu wako?

Nianze na mama mmoja Mwafrika ambaye jambo hili lilimpata kabla yetu. Mtakatifu Monika, mama yake Augustino, alitoka Tagaste, mji ulioko katika nchi tunayoiita leo Algeria. Mwaka 387 alikuwa Ostia, bandari ya Roma, na wanawe, wakisubiri safari ya kuvuka bahari kurudi nyumbani. Hapo bandarini akashikwa na homa. Augustino ameandika habari hizo katika kitabu chake cha Maungamo. Anasema mama yake kwa miaka mingi alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, na jambo hilo lilikuwa likimshughulisha sana. Sasa mwanawe mwingine, Navigio, akasema afadhali mama afie kwao kuliko ugenini. Hata sisi tungesema hivyo hivyo. Lakini Monika alimtazama mwanawe kwa macho ya kumkemea. Akawaambia mwili wake wauzike popote, wasisumbuke kwa ajili yake. Aliomba jambo moja: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Akafa katika mwaka wa 56 wa umri wake, akazikwa hapo hapo bandarini.

Navigio alikuwa anafikiria safari ya mwili. Mama yake alikuwa anafikiria mahali ambapo mtoto wake anaweza kufika kila Jumapili. Kaburi la Tagaste lingekuwa moja, na baharia aliyeko Ostia asingelifikia. Altare iko Ostia, iko Tagaste, iko Machakos, iko Jego. Iwe ya marmari katika kanisa kuu la Mombasa au meza ya mbao iliyofunikwa kitambaa cheupe, ni ile ile.

Na tazameni: hakuna Misa isiyowakumbuka wafu. Iwe Krismasi, iwe harusi, iwe Jumanne ya kawaida yenye waamini saba, katika sala kuu ya Ekaristi padre anafika mahali ambapo Kanisa linawaombea waliotutangulia. Dakika hiyo ni fupi. Wengi tunaipitia tukiwaza mambo ya nyumbani. Hapo ndipo ninapomsalimu baba yangu siku hizi. Padre akifika hapo, mimi nalitaja jina lake moyoni, jina kamili, na la baba yake. Huhitaji nauli ya basi, wala ruhusa ya kazini.

Jirani yangu angeuliza tena, kwa nini wafu wahitaji kuombewa? Naomba tulitazame jambo hili kwa Kiswahili chetu wenyewe, kwa sababu lugha hii imebeba mengi.

Neno "marehemu" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemiwa, mtu aliyetendewa rehema. Kwa hiyo kila tunaposema marehemu baba, marehemu mama, tumeshaomba kabla hatujatambua kwamba tumeomba. Tunalisema tumaini letu kana kwamba limekwisha kutimia. Ukilisema neno hilo polepole, ukamaanisha, ni sala nzima.

Neno la pili ni "toharani." Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa tohara ni nini. Ni usafi wa mtu anayejiandaa kusimama mbele ya Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia aya ya 1030, inafundisha kwamba wanaokufa katika neema na urafiki wa Mungu lakini bado hawajatakasika kabisa, wokovu wao wa milele ni hakika, ila wanapitia utakaso kwanza. Mimi huwaeleza watoto hivi: mgeni amefika kutoka safari ndefu ya masika, miguu ina matope. Amefika, hakuna wa kumrudisha. Chakula kimepakuliwa na mkeka umetandikwa. Lakini yeye mwenyewe, kwa heshima ya nyumba na ya mwenye nyumba, hataki kukanyaga mkeka na matope yale. Basi anasimama mlangoni ananawishwa miguu. Na sisi tulio hai, sala zetu, Misa zetu, sadaka zetu kwa maskini, ndiyo kata ya maji. Maji si yetu. Ni ya mwenye nyumba. Lakini ametuachia kata mkononi.

Neno la tatu ni dogo sana, ni herufi moja tu. Wazee wa Kimijikenda wana imani ya koma, wazee waliotangulia ambao humjia mtu ndotoni na kudai wakumbukwe, na mtu akapeleka sadaka. Sitawadharau waliofanya hivyo. Walijua jambo ambalo mjini watu wamelisahau, kwamba aliyekufa hajatoka katika ukoo. Na Wakristo wa kwanza wa Afrika walikuwa na yao. Augustino anasimulia kwamba Monika, alipokuwa Milano, alikwenda kwenye makaburi ya mashahidi na uji, mikate na divai kama ilivyokuwa desturi ya kwao Afrika. Mlinzi wa mlango akamzuia, maana Askofu Ambrosi alikuwa amekataza. Monika hakununa. Akaiacha desturi ile, na kikapu chake kikabeba sala badala ya vyakula, na alichokuwa nacho akawapa maskini.

Kanisa lilimtaka Monika abadilishe herufi moja, nasi linatutaka vivyo hivyo. Koma huombwa. Marehemu wetu huombewa. Anayewaomba wafu anawaogopa, au anawatafutia faida. Anayewaombea amewabeba. Hata watakatifu tunapowaita, tunawaita watuombee. Herufi hiyo moja, "e" katikati ya neno, ndiyo inayoitenganisha imani yetu na hofu ya ndoto za usiku.

Na kuna neno la nne, ambalo pwani tunalo kwa maana mbili. Kanisa dogo la parokia, lisilo na padre wa kukaa, ambalo katekista ndiye anayeliongoza siku nyingi, Wakatoliki tunaliita kigango. Na huko Kilifi, Wagiriama wakimkumbuka mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, humchongea nguzo ya mti mgumu na kuisimamisha. Nguzo hiyo nayo huitwa kigango. Haitakiwi kung'olewa, kwa sababu imesimama mahali pa mtu. Mnajua yaliyotokea. Vigango viliibwa kwa mamia, vikauzwa kama mapambo, vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri huko Marekani. Familia zilizoibiwa zilihesabu misiba iliyofuata kuwa malipo ya wizi huo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kilifi kutoka Marekani, vikapokewa kwa sherehe, na vingine vimefuata.

Kila nikiingia katika kigango chetu, mabati juu na mabenchi ya mbao, huwaza habari ya nguzo zile. Sisi karibu hatuna makaburi hapa. Karibu wote tumewapeleka bara. Lakini tuna kigango. Nacho pia hakitakiwi kung'olewa, kwa sababu ndani yake ndimo majina ya watu wetu yanamosimama. Kikikaa bila kuyataja, kimeibwa nacho, ijapokuwa mabati yapo.

Sasa niseme jambo ambalo litawauma baadhi yetu, na mimi wa kwanza. Mtu akifa, sisi Wakenya ni hodari. Kundi la simu linafunguliwa usiku huo huo. Kamati inakaa, mweka hazina anachaguliwa, michango inatumwa, jeneza zuri linanunuliwa, fulana zenye picha zinachapishwa, basi linakodiwa. Hayo yote ni upendo, sitaki mtu ayadharau. Mjane aliyezungukwa na watu siku saba amesaidiwa. Lakini kesho yake baada ya mazishi, mwenye kundi anatuma ujumbe wa shukrani, na watu wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Nimewahi kulitazama kundi la baba yangu likiisha hivyo kwenye simu, nikaona kama watu wanatoka chumbani na yeye bado amelala humo.

Mwezi wa pili hakuna anayelitaja jina lake. Tumetumia maelfu ya shilingi kwa siku moja, na hakuna aliyeweka nia ya Misa. Ukiuliza, utasikia kwamba Misa inahitaji sadaka na pesa zimekwisha. Ndugu yangu, sikiliza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza sana mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata kama hakuna sadaka yoyote iliyotolewa. Basi umaskini usiwe sababu ya mtu wako kusahaulika. Mwendee padre wako, mwambie huna kitu, mpe jina.

Hebu turudi kwenye Novemba. Tarehe 1 ni Watakatifu Wote, tarehe 2 ni Marehemu Wote. Siku hii ya pili ilitengenezwa na mtawa Mfaransa, Mtakatifu Odilo, abati wa Cluny, kuelekea mwaka 1000. Monasteri zilikuwa zikiwaombea wafu wao na wafadhili wao, watu wenye majina katika vitabu. Odilo akaagiza nyumba zote zilizokuwa chini yake ziwaombee waamini marehemu wote, siku moja kila mwaka. Wote. Hata yule ambaye hakujenga kitu, hakuzaa, hakuandikwa.

Hilo neno "wote" lina uzito wa pekee huku mpakani, na nitawaambia kwa nini. Tarehe 18 na 19 Januari mwaka 1915, hapo Jasini, upande wa pili wa mpaka, si mbali na hapa nilipo, palipiganwa vita vikali, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck waliishambulia kambi ya Waingereza. Waliokuwa wakiilinda wengi wao walikuwa askari wa Kihindi, na kamanda wao, Raghbir Singh wa Kashmir, aliuawa humo. Upande wa Wajerumani waliokuwa mbele walikuwa askari Waafrika. Kwa siku mbili mamia waliuawa au kujeruhiwa, katika nchi ya minazi ambayo haikuwa na ugomvi na mtu. Na nyuma ya kila askari katika vita ile walikuwako wapagazi, waliobeba chakula na risasi vichwani, wakafa kwa njaa na maradhi makumi kwa maelfu kabla vita havijaisha mwaka 1918.

Mwaka huo huo wa Jasini, tarehe 10 Agosti 1915, Papa Benedikto wa 15, akiwa na majonzi ya vita ile, aliwaruhusu mapadre wote duniani waadhimishe Misa tatu siku ya Marehemu Wote. Hadi leo ruhusa hiyo ipo. Moja kati ya Misa hizo lazima iwe kwa ajili ya marehemu wote. Sidhani kwamba Papa alilijua jina la Jasini. Lakini Misa ile ilikuwa yao.

Wapagazi wale serikali haikuwaandikia makaburi. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika jeshi la Waingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Imechukua zaidi ya miaka 100 kulisema hilo. Kilichobaki cha wapagazi wetu midomoni mwa watu ni jina la soko. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Kila siku watu hushuka hapo kununua nguo na viatu, wakilitaja jina la wafu bila kujua wamewataja.

Mtu ataniambia, Mwalimu, wale hawakuwa Wakatoliki. Walikuwa Waislamu, Wahindu, watu wa dini za jadi, wenye hirizi mikononi. Ni kweli. Basi afungue Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambayo ndiyo Kanisa huitegemea sana katika jambo hili. Yuda Makabayo alikwenda kuwazika askari wake waliouawa vitani, na chini ya nguo zao akawakuta wamevaa vitu vya sanamu, kama hirizi hasa, walivyokatazwa na Sheria. Wangeweza kuachwa. Badala yake Yuda na watu wake wakaomba, wakachanga drakma 2,000 za fedha, wakazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za wafu wale. Ndiyo harambee ya mazishi ya kwanza ninayoijua katika Maandiko, na ilichangwa kwa ajili ya watu waliofia makosani. Hawakuchangia jeneza. Walichangia rehema.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja aliyekuja huku kufanya vibarua aliugua siku tatu akafa. Katika mfuko wake tulikuta rozari na kitambulisho. Tulipiga simu kila mahali tulipoweza, chifu akatusaidia, na hakuna aliyekuja. Jumuiya yetu ndogo ndogo, familia zisizozidi kumi, ikamzika. Wadigo wakatuonyesha mahali, vijana wao wakachimba kaburi pamoja na wetu, maana msiba huku hauulizi dini. Katekista akaongoza ibada. Nakumbuka alipofika mahali pa kumtaja marehemu alisita, akatazama kitambulisho tena, akalisoma jina lote kwa sauti kubwa, majina matatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kumwita kwa majina yote matatu. Sitalitaja redioni. Mungu analijua, na limo katika daftari letu.

Daftari hilo ndilo ninalowaomba jioni hii. Maaskofu wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970, walisema Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, pale majirani wanapojuana kwa majina. Basi kila jumuiya inunue daftari moja la shule. Liandikwe jina la marehemu na tarehe aliyofariki, wala lisibague. Aliyezikwa Machakos aandikwe, aliyezikwa ng'ambo ya mpaka aandikwe, mvuvi aliyemezwa na bahari, asiye na kaburi lolote, aandikwe wa kwanza. Kila wiki jumuiya inapokutana, wasomwe wale ambao juma hilo ndilo lao, na iombwe ile sala fupi ya Raha ya Milele ambayo kila mtoto wetu anaijua. Haichukui dakika tano.

Na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, nenda makaburini. Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa yule anayezuru makaburi siku hizo na kuwaombea waliolala humo, hata kwa moyo tu, pamoja na kuungama, kupokea Komunyo, kuombea nia za Baba Mtakatifu, na kuikataa dhambi kwa moyo wote. Mwaka 2020, wakati wa korona, Vatikani iliongeza muda huo ukawa mwezi mzima, ili watu wasisongamane. Wala si lazima kaburi liwe la ndugu yako. Hapo ndipo sisi wa ugenini tunapopata faraja. Wewe uliye Diani nenda kwenye kaburi la mgeni yeyote lililo karibu nawe, ukaling'olee magugu, ukaliombee. Kule Siaya mtu mwingine, ambaye wake wamelala pwani, atafanya hivyo kwa mama yako. Tutakuwa tumekopeshana makaburi.

Wachukueni watoto. Mtoto akikuona unamwombea babu yake kwa jina, amejifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba babu hajapotea, na kwamba siku moja nawe utataka utajwe kwa jina lako.

Nimalizie na jirani yangu. Naye ametutoka. Alifariki usiku, na kabla ya alasiri alikuwa amelazwa chini ya mwembe wake, pamoja na wale aliokuwa akiwasalimu. Novemba ilipokuja, niliona jina lake linaning'ang'ania. Nilimwendea padre nikamuuliza kama inafaa nimwekee nia ya Misa mtu ambaye hakuwa Mkristo. Akaniambia kanuni ya 901 inamruhusu padre kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Mtu yeyote. Lakini niliona si adabu kufanya hivyo bila nyumba yake kujua. Nikaenda kwa mwanawe. Nilimkuta anashona nyavu barazani.

Nilipomweleza, aliweka sindano chini, akanyamaza ule unyamavu wa mama yake. Kisha akasema, "Mama alikuwa akimsalimu mzee wako, mwalimu. Hukujua? Akimaliza wa kwetu hapa, alikuwa akigeukia upande wa bara. Akisema yule naye ana mtu, lakini mtu wake yuko mbali na kaburi."

Nilirudi nyumbani nikalifungua daftari. Chini ya jina la baba yangu palikuwa na mstari mtupu. Nikamwandika hapo.

Msikilizaji, kabla hujazima redio, mtaje mmoja wa kwako kwa majina yake yote. Kisha taja mwingine ambaye si wako. Usiku mwema.